Kwa nini MB nilizolipia zinakufa kabla sijazitumia?

Nuru_Ifakara

Habari za jioni wakuu. Nina stationery hapa Ifakara, na msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ndio unaonilipia kodi ya fremu. Vijana wa kidato cha sita wanaleta vyeti, naskani, najaza fomu, napakia. Faili likigoma kupanda narudia, na MB zinaenda tena. Hilo sina ugomvi nalo, nimetumia.

Ugomvi wangu ni huu. Juzi nilijiunga bando la siku. Mchana umeme ukakatika mpaka usiku, wateja wakaondoka. Asubuhi nawasha simu, ujumbe umeshaingia: kifurushi chako kimeisha muda wake. Zaidi ya nusu ilikuwa bado. Nikanunua lingine kwa hela ya mteja wa kwanza.

Najua kuna atakayesema "nunua la mwezi". La mwezi linataka hela ya mkupuo, na duka langu linaishi kwa kinachoingia siku hiyo. Hapo ndipo panaponiuma zaidi: anayeunga kidogo kidogo analipa zaidi kwa kila MB kuliko mwenye uwezo wa kulipia mwezi mzima.

Ukomo wa kiasi naukubali. Ukomo wa saa juu ya ukomo wa kiasi siuelewi. Nikinunua kilo ya mchele hapa, mwenye duka haji alfajiri kuchukua niliobakiza. Mwenye kujua anieleze, kuna sababu ya kiufundi au ni biashara tu?

FundiMnara

Dada Nuru, mimi kazi yangu ni minara, nikujibu ninachokijua. MB haikai stoo kama mchele. Gharama ya kampuni ni mnara, dizeli ya jenereta, masafa ya redio na mkongo wa intaneti. Mnara ukishawaka, gharama hizo zipo hata usiku wa manane watu wote wamelala. Kinachotuumiza kichwa ni saa mbili hadi saa nne usiku: kila mtu yuko hewani, uwezo wa mnara unagawanywa, kasi inashuka. Ni saa hizo zinazolazimisha kampuni kuongeza mitambo. Ndiyo maana ofa za usiku wa manane huwa rahisi.

Kwa hiyo kuuza MB rahisi za muda mfupi kuna mantiki yake. Ila zile zako zilizokufa hazikumpunguzia mtu msongamano wowote. Ungezitumia saa tatu asubuhi, mnara ukiwa na nafasi tele. Kufuta salio ni suala la mapato, dada. Ufundi haudai hivyo.

Mwana_wa_Likoni

Dadangu, huku Kenya tumeyapitia. Wakili Adrian Kamotho aliishtaki Safaricom kwa ajili ya hizi bando za kuisha muda, na Oktoba 2019 kampuni ikatoa bando zisizo na muda. Mimi nazitumia. Lakini usidhani ni bure: MB yake ni ghali kuliko ya ofa ya siku. Kijana hapa feri bado ananunua ya saa moja, kwa sababu ndiyo anayoimudu. Haki ipo, mfuko ndio unaoamua nani aifikie.

Mkulima_Mbozi

Wakuu, msisahau tarehe 2 Aprili 2021. Kanuni mpya za vifurushi za TCRA, mamlaka ya mawasiliano hapa Tanzania, zilipoanza, watu waliamka wakakuta hela ileile inaleta MB chache. Kelele nchi nzima, na siku hiyohiyo bei mpya zikasitishwa. Kanuni zenyewe zilikuwa na mambo mazuri: kutaarifiwa matumizi yakifika asilimia 75 na 100, kumhamishia mwenzako MB zako, kuendelea na salio ukinunua kifurushi kilekile kabla muda haujaisha. Nani aliyajadili? Bei ilifunika yote. Mimi nauza parachichi kwa picha za WhatsApp, nategemea bando la siku. Mkidai muda uondolewe, bei itapanda na sisi ndio tutakaolia.

Nuru_Ifakara

Kaka FundiMnara, asante, sasa nimeelewa. Mkulima, hofu yako naiheshimu, maana tunanunua bando lilelile. Lakini tazama Afrika Kusini. Tangu 2019 kampuni zinatakiwa kumpa mteja njia ya kusogeza mbele MB zilizobaki. Desemba mwaka huohuo Tume ya Ushindani ikasema wazi kwamba wanaonunua kidogo ndio wanaotozwa zaidi kwa kila MB. Aprili 2020 Vodacom ya kule ikashusha GB 1 ya mwezi kutoka randi 149 hadi 99. Salio lililindwa na bei ikashuka.

Sidai MB za milele. Nadai bando la siku lililobaki lisogee walau siku mbili tatu, umeme ukikatika nisilipe mara mbili.

Na hiyo ya kuendelea na salio ukinunua kilekile kabla muda haujaisha, mbona dukani kwangu hakuna mteja anayeijua? Kesho naijaribu kwa bando la siku, mchana, kabla halijafika mwisho. Aliyewahi kuipata aniambie: salio liliungana lenyewe, au ilibidi awapigie huduma kwa wateja?