Jicho la mbwa wangu lina ukungu, nimtilie dawa yangu?

mkaazi_kasarani: Wadau habari zenu, nina mbwa jike wa kienyeji, tangu jana anafumba jicho la kushoto, linatoa machozi na tongotongo za kijani, anajisugua kwa zulia na leo nimemulika na tochi ya simu nikaona kaukungu ka bluu juu ya mboni. Niko na matone nilipewa nikiumwa macho, naweza kumtilia?

paka_na_mbwa: Hapana tafadhali! Kama hayo matone yana steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) na konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ina kidonda, kidonda kinaweza kuongezeka hadi jicho litoboke. Ukungu pamoja na kufumba ni dalili ya maumivu, hilo si la kungoja wikendi iishe. Daktari wa mifugo anatia rangi fulani ambayo inang'aa kijani palipochubuka, ndio anajua dawa gani inafaa.

mama_watoto_kikuyu: Pole sana. Mfunge ile kola ya koni asijikune, panguza uchafu wa nje na pamba safi na maji ya chumvi ya duka la dawa, usikandamize. Na watu wakikuambia umtilie chai ya rangi au asali jichoni, kataa. Chuo Kikuu cha Nairobi wana kliniki ya wanyama wadogo kule Kabete, piga simu kwanza.

mkaazi_kasarani: Asanteni sana, matone nimeweka kando. Nani anajua teksi ya kukubali mbwa kutoka huku hadi Kabete?

paka_na_mbwa: Mwambie dereva mapema na ubebe shuka ya kutandika, wengi hukubali.