Mama yuko kwenye kemo: "mazoezi mepesi" ni kiasi gani?

Binti_Isevya
Habari zenu wanajukwaa. Mama ana miaka 54, saratani ya titi la kulia. Titi limeondolewa pamoja na tezi za kwapani, kidonda kimeshapona. Sasa anapewa dripu za kemo (dawa za saratani) hospitali ya Bugando, Mwanza, kila baada ya siku 21, ile dawa nyekundu na nyingine, kisha anarudi Tabora. Daktari alisema atembee na afanye mazoezi mepesi, basi, hakufafanua. Shangazi nao hawataki hata anyanyue kikombe. Mepesi ni kiasi gani? Siku zipi? Mkono wa upande uliopasuliwa ubebe nini? Halafu siku hizi anashinda amegeukia ukutani, akiulizwa anajibu "sawa tu". Naomba vipimo, jamani. Maneno ya jumla tumeshayasikia.

Fizio_Magharibi
Pole kwa kuuguza, dada. Daktari yuko sahihi. Shangazi wana nia njema ila wanamdhoofisha. Uchovu wa kemo hauishi kwa kulala kama ule wa kulima. Misuli isiyotumika inapungua, pumzi inakuwa fupi, mwisho hata kwenda chooni kunamchosha na anarudi kulala tena.

Mwongozo wa wataalamu wa kimataifa uliotolewa 2019 unasema hivi: kutembea dakika 30 mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki, kunapunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa saratani. Hapo ni pa kufikia, msianzie hapo. Kwake kalenda ya dripu ndiyo iamue.

Siku ya 1 (ya dripu) na ya 2 wengi wanakuwa na nguvu za uongo, kwa sababu ya deksamethazoni wanayopewa kuzuia kutapika. Usiku halali, mchana anataka kufua na kudeki. Mzuieni hapo. Dawa ile ikiisha mwilini, siku ya 3 hadi ya 5 anaanguka, na akiwa amejichosha anaanguka vibaya zaidi. Siku hizo atembee uani dakika 5, mara 3 kwa siku, hata kwa kushikwa mkono. Kuanzia siku ya 6 au 7 aongeze: dakika 10 asubuhi, 10 jioni. Wiki ya tatu ndiyo ya kujenga, afike dakika 20 hadi 30 mfululizo. Dripu inayofuata ikiingia, shukeni tena kwenye dakika 5 bila kuhuzunika. Wengi hukata tamaa hapo, wanadhani wamerudi nyuma, kumbe ni mzunguko tu.

Kasi: aweze kuongea sentensi nzima lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akikatika katikati ya sentensi, apunguze. Kwa joto la Tabora, hasa Septemba na Oktoba, atoke saa 12 na nusu asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Avae viatu vilivyofunika vidole, si ndala.

Nguvu za miguu: kiti kisichoyumba kiegemezwe ukutani, asimame na kuketi bila kusukuma kwa mikono, mara 8. Apumzike dakika 2, arudie 8. Akizimudu hizo, apande taratibu hadi 15.

Mkono ndio unaoharibiwa na woga. Asimame akiangalia ukuta, hatua moja nyuma, atambaze vidole kwenda juu mpaka ahisi kuvutwa, ahesabu hadi 5, ashuke. Mara 10, asubuhi na jioni. Pigeni alama ya chaki pale alipofika ili kesho aione. Kosa la kawaida ni kupandisha bega hadi sikioni au kupinda kiuno. Alama inapanda, mkono wenyewe umebaki palepale. Kama anahisi kitu mfano wa kamba iliyokaza kutoka kwapani kwenda kwenye kiwiko, hicho hutokea baada ya tezi kuondolewa. Aendelee kunyoosha taratibu na amwonyeshe fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo).

Kubeba: aanze na chupa ya maji ya nusu lita, mara 8 hadi 10. Wiki mbili zikipita bila mkono kuvimba, lita moja. Ndoo ya lita 20 ni zaidi ya kilo 20, hiyo bado. Ila msimwambie hatabeba kitu maisha yake yote. Wanawake waliopandisha uzito kidogo kidogo wamefuatiliwa kitafiti, na hawakuvimba mikono kuliko wasiobeba. Pimeni kwa futi ya fundi cherehani mara moja kwa wiki, kwenye kifundo cha mkono na sentimita 10 juu ya kiwiko, mikono yote miwili. Andikeni vipimo vya mwanzo, maana mkono anaoutumia zaidi huwa mnene kidogo kwa kawaida. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita 2, au pete na mkono wa gauni vikaanza kubana, arudi kliniki.

Sista_Cheyo
Fizio amemaliza ya mazoezi, mimi naongeza ya kusimamisha mazoezi.

Kila akipimwa damu kabla ya dripu, ombeni nakala ya majibu. HB (wingi wa damu) ikiwa chini ya 8, aishie kuzunguka nyumbani mpaka daktari aseme. Chembe sahani (zile za kugandisha damu) zikiwa chini ya 50,000, hakuna chupa za maji wala kujikaza. Chini ya 20,000 anyooshe viungo tu akiwa ameketi, kwa ruhusa ya daktari.

Siku ya 7 hadi ya 14 chembe nyeupe, zile za kupambana na maambukizi, ndiyo ziko chini kabisa. Kutembea ruhusa, ila si sokoni, si stendi, si msibani. Bustani avae glavu na asiguse mbolea ya ng'ombe.

Nunueni kipimajoto. Joto likifika 38 ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Msimpe paracetamol kwanza mkasubiri, inaficha homa. Na huku kwetu kila homa ni malaria, hapo ndipo watu wanapotea: mnapimwa dukani, mnapewa dawa mseto, mnarudi nyumbani. Malaria hata ikionekana haiondoi uwezekano wa maambukizi kwenye damu. Neno la kwanza mapokezi liwe "yuko kwenye kemo", mtaje na tarehe ya dripu ya mwisho.

Hiyo dawa nyekundu inaweza kugusa moyo. Mkojo mwekundu siku ya kwanza au ya pili ni rangi ya dawa, msiogope. Lakini kukosa pumzi akilala chali, moyo kwenda mbio akiwa amekaa, au miguu kuvimba, aache mazoezi na aonwe.

Mzee_Kibirizi
Nadandia hapohapo, wakuu. Baba yuko hapa Kigoma, tezi dume, imefika kwenye mifupa ya mgongo. Anachomwa sindano ya homoni. Anapenda kutembea ufukweni. Naye afuate ratiba hii?

Fizio_Magharibi
Hapana mkuu. Kwake kwanza daktari aseme mifupa ipi imeguswa na ina uimara gani. Kutembea ni muhimu, maana sindano hizo zinapunguza misuli na kulegeza mifupa, ila atembee barabara tambarare. Mchanga wa ufukweni unayumbisha mguu, na kuanguka kwake ni kuvunjika. Asiiname kuokota mzigo, asijipinde kiuno, asisaidie kuvuta mtumbwi. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala, miguu kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au mkojo kugoma: hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo ukibanwa hausubiri kesho.

Mshauri_Ngambo
Narudi kwa Binti, kwenye ile "sawa tu". Muulize maswali mawili mkiwa peke yenu. Kwa wiki mbili hizi, amekuwa na huzuni karibu kila siku? Amekosa hamu ya vitu alivyovipenda? Akijibu ndiyo hata kwa moja, mwambieni daktari au nesi kliniki. Sonona kwa mgonjwa wa saratani inatibika, kwa mazungumzo au dawa, na haitoki kwa kuambiwa "jikaze mama". Neno hilo linamfanya aone hata kulia ni kosa. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake, nendeni hospitali siku hiyo.

Mpeni kazi yenye mwisho unaoonekana: akate viazi vya michembe ameketi, beseni moja, si gunia. Ile alama ya chaki nayo ni dawa ya aina yake.

Ila msimuuzie matumaini ya bandia. Kuna wanaopita na kusema mazoezi yanaponya saratani. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2025 ulifuatilia wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana: waliopewa mpango wa mazoezi wa miaka 3, baada ya kumaliza kemo, saratani iliwarudia kidogo zaidi na wengi zaidi waliishi. Ni habari njema sana, lakini ni utumbo mpana, na wote walikuwa wametibiwa hospitali kwanza. Hakuna aliyeacha dripu akaenda kukimbia.

Binti_Isevya
Asanteni sana, nimenakili yote. Swali la mwisho: safari ya Mwanza kwa basi, anakaa saa nyingi. Kuna la kufanya?

Sista_Cheyo
Lipo, na ni la lazima. Saratani na kemo huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kukaa kunazidisha. Kila nusu saa akanyage vidole na kuinua visigino mara 20, kisha kinyume chake. Basi likisimama Nzega na Shinyanga ashuke atembee dakika 5. Wengi hawanywi maji njiani kwa kuogopa choo, matokeo yake damu inakuwa nzito. Anywe kidogo kidogo. Kiti cha pembeni mwa njia, safu ya kulia ya basi, ili njia iwe kushoto kwake na mkono wa kulia usigongwe na wapitao. Hakikisheni upande ulioko njia kabla ya kukata tiketi. Mguu mmoja ukivimba, ukiuma kwenye shavu na kuwa wa moto, msiukande kwa maji moto wala kuuchua. Apelekwe akapimwe.