Kozi ya mwezi mmoja inatosha kumfanya mtu mwalimu wa lugha ya kigeni?

Chaki Nyeupe
Wakuu naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Siku hizi mtu anaijua lugha ya kigeni vizuri, anaingia kozi ya wiki nne, anatoka na cheti na kesho yake yupo mbele ya darasa anaitwa mwalimu. Chukueni CELTA ya Cambridge, ndo inayojulikana zaidi kwa wanaotaka kufundisha Kiingereza: masaa 120 ya kozi, na kufundisha kwenyewe huku unakaguliwa ni masaa 6. Sita! Aliyesomea ualimu chuo kikuu kakaa miaka mitatu minne, kasoma saikolojia, upimaji, mitaala, halafu wote wawili wanapewa darasa moja. Mimi nasema kozi fupi iwe nyongeza, isiwe mlango wa kuingilia. Na msinijibu kwamba "anaongea vizuri", maana hata aliyezaliwa na hiyo lugha mara nyingi hawezi kuieleza.

Kiberenge
Mtoa mada ulikuwa vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Yaani aliyezaliwa nayo hawezi, anayeweza ni aliyeikuta ukubwani? Nimefundishwa Kifaransa sekondari yote na watu walioisomea tu, siku nakutana na Mfaransa mwenyewe sikuambulia kitu. Wenye lugha waachiwe lugha yao.

Dada Nahau
@Kiberenge hukuambulia kitu kwasababu hukuwahi kusikilizishwa, mwalimu wako kutozaliwa Paris hakuhusiani kabisa. Muulize Mfaransa yeyote kwanini anasema j'ai mangé (nimekula) lakini je suis allé (nimekwenda), atakwambia ndo tunavyosema. Mwalimu aliyejifunza atakwambia vitenzi vya mwendo vinachukua kitenzi kisaidizi être (ndo hiyo je suis), vingine avoir (j'ai), na mwanafunzi anaondoka na kitu cha kushika.

Mzee wa Sarufi
Dada Nahau hapo unapotosha na kuna wanaojifunza wanakusoma. Marcher (kutembea) ni mwendo, courir (kukimbia) ni mwendo, na vyote vinachukua avoir: j'ai marché, j'ai couru. Vya être ni orodha fupi, aller (kwenda), venir (kuja), partir (kuondoka), arriver (kufika) na wenzake, humo humo wamo naître (kuzaliwa) na rester (kubaki) ambavyo havina mwendo wowote. Na baadhi ya hao hao wakipata yambwa wanahamia avoir: je suis sorti (nimetoka), ila j'ai sorti le chien (nimemtoa mbwa nje). Haya ndo mambo ambayo kozi ya mwezi mmoja haifiki.

Kiberenge
Mnaona sasa!! Ndo walimu wenyewe hao. Mfaransa asingekosea hapo hata akiwa usingizini.

Dada Nahau
Asingekosea KUSEMA. Tulikuwa tunaongelea kueleza, soma vizuri kabla hujashangilia. Na wewe Mzee, ile ni kanuni ya mwanafunzi wa A1, yaani anayeanza kabisa, unampa kinachomvusha leo, marcher anakutana nayo akishapata nguvu. Nimeona watu wangapi wakikimbia lugha kwasababu mwalimu aliwamwagia orodha nzima na vighairi vyake siku moja.

Mzee wa Sarufi
Kanuni isiyo kweli haivushi mtu dada yangu, akifika B1, ngazi ya kati, ndo anaanza kuibomoa na kubomoa ni kazi kuliko kujenga. Mpe vitenzi vinne sahihi, siku ya pili umpe vingine, nani kasema lazima vyote siku moja?

Tulivu
Naomba niwarudishe nyuma kidogo. Hii ligi ya nani mwenye lugha haikuanza leo. Mwaka 1961 ulifanyika mkutano wa Jumuiya ya Madola pale Makerere, Uganda, kuhusu kufundisha Kiingereza. Mwanaisimu Robert Phillipson akaja kuandika mwaka 1992 kwamba kilichotoka pale kilisimama juu ya imani tano, mojawapo kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa na lugha, nyingine kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tupu, na zote tano akaziita upotofu. Sasa Kiberenge unachotetea ndo hicho hicho cha 1961. Aliyejifunza lugha ukubwani anajua mwanafunzi atajikwaa wapi, kwasababu njia yenyewe kaipita kwa miguu yake.

Kiberenge
Kwahiyo na mimi ni mkoloni? Nimeongelea lafudhi tu jamani.

Bahari Kuu
Mimi hilo la lugha tupu ndo linaniuma. Nilipokuwa kwenye mafunzo mkufunzi wetu alikuwa anakata alama ukitamka neno moja la lugha ya wanafunzi. Mwenzetu kasimama kuwafundisha watu wazima wanaoanza maana ya "ingawa", kachora, kaigiza, kazunguka robo saa, wanafunzi wanamwangalia tu. Neno moja la lugha yao lingemaliza, na ile robo saa wangeitumia kutunga sentensi zao.

Mzee wa Sarufi
Ukifungua huo mlango haufungi tena. Leo neno moja, mwezi ujao somo zima linaendeshwa kwa lugha mama na lugha ya kigeni inabaki ubaoni.

Bahari Kuu
Mzee hapo unaongelea mwalimu asiyejiamini, tiba yake sio kuwapiga wote marufuku.

Kipepeo
Jamani yale masaa 6 mbona mmeyatelekeza? Mimi nimeyapitia na nayatetea. Kila somo mkufunzi yupo nyuma anaandika, wenzako nao wanaandika, mkitoka mnakaa mnachambua andalio lako mstari kwa mstari. Somo langu la kwanza nilikuwa nauliza "mmeelewa?" darasa zima "ndiyooo". Mkufunzi akanionyesha kwamba hilo swali halinipi jibu lolote, kama nimefundisha "alikuwa akiishi hapa" niulize: sasa hivi anaishi hapa? Alikaa siku moja au muda mrefu? Hapo ndo unajua nani kashika. Chuo kikuu nilisoma nadharia muhula kwa muhula na hakuna aliyewahi kunikalia nyuma namna ile.

Chaki Nyeupe
@Kipepeo ahsante, angalau kuna mtu kasoma mada. Lakini unachosifia ni kukaguliwa, sio ufupi wa kozi. Baada ya cheti nani anakaa nyuma ya darasa lako?

Kipepeo
Hakuna. Tumepangana na mwenzangu mmoja, yeye anaingia kwangu na mimi kwake. Na wa digrii naye nani anamkalia?

Bahari Kuu
Mimi bado nasubiri Mzee anijibu, "ingawa" angeifundishaje kwa watu ambao hata "lakini" hawajaijua?

Mzee wa Sarufi
Nisingeifundisha. Ningeanza na "lakini".