Mnaowalipisha vijana Dodoma kwa "mafunzo" ya kupanga nyimbo za redio, mnawaibia

Wakuu, nimevumilia kiasi cha kutosha, leo natoa dukuduku langu.

Niko zamu ya asubuhi kwenye redio ndogo hapa Dodoma. Mwaka huu pekee nimepokea vijana wanne waliopita kituo kimoja cha mafunzo hapa mjini. Siku tatu, shilingi 80,000, cheti chenye muhuri. Wote wanne wamekuja na upungufu uleule, kwa hiyo msiniambie ni uzembe wa vijana.

Jumanne iliyopita nilimpa binti mmoja saa ya kwanza. Alikesha nyumbani kwao Nkuhungu akipanga nyimbo, akahifadhi kwenye flashi kama alivyoelekezwa, akaja nayo. Saa 12:08 asubuhi anabonyeza: kimya. Majina ya nyimbo yote yapo kwenye kioo, sauti hakuna. Alichobeba kilikuwa faili la M3U peke yake. Faili lile halina muziki ndani, lina anwani tu: nenda diski fulani, folda fulani, chukua wimbo fulani. Nyimbo zenyewe zilibaki kwenye kompyuta ya kaka yake. Simu ikaita, mama mmoja wa Chang'ombe anauliza, "Mwanangu, mmezimika au ni betri zangu?" Binti alikuwa anatetemeka mikono. Nikamwambia sogea kidogo mdogo wangu, nikaweka wimbo kutoka kwenye mashine yetu. Jambo la kuelezwa kwa dakika tano, siku tatu nzima halikuelezwa!

Nikamuuliza, sasa mlisoma nini? Kuvuta wimbo kutoka upande huu kuuweka upande ule. Basi.

Hesabu hawajui kabisa. Saa ina dakika 60. Toa 5 za habari, 12 za matangazo, 10 za mtangazaji na jingo (vile vipande vifupi vya kutambulisha redio). Zinabaki 33. Nyimbo za dakika tatu na nusu zinaingia tisa. Binti kaja na nyimbo 20, maana mwalimu alisema "jaza saa". Wimbo uliokusudiwa kwa mtu anayejiandaa kwenda kazini unakuja kulia saa 2, mwenyewe keshaondoka. Na matangazo yakipungua idadi inabadilika, ndiyo maana mtu afundishwe kukokotoa, asikaririshwe.

Nyimbo zenyewe zimepakuliwa ovyo mtandaoni, katikati kuna sauti ya mtu anataja tovuti yake. Moja inanong'ona, inayofuata inapasua spika. Faili limeandikwa "Track 07", msanii hajulikani, halafu tukidaiwa orodha ya tulichopiga kwa ajili ya mirabaha tuandike nini? Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, jamani.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hiki. Wamefundishwa kuweka sekunde 5 za kupishanisha nyimbo, wimbo mpya unaingia kabla wa kwanza haujaisha. Kwa Bongo Fleva sawa. Ila weka muziki wa Kigogo, ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, inaanza peke yake, taratibu, kabla waimbaji hawajaingia: mwanzo wote unamezwa na kelele za wimbo uliotangulia. Nilimwonyesha binti kuondoa zile sekunde kwenye wimbo ule mmoja, nikampa hedifoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, kumbe unaanzaga hivi?" Ni Mgogo yule, babu yake anapiga zeze. Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alizunguka dunia na muziki huu kutoka hapahapa kwetu, na mtu anapewa cheti cha kupanga muziki wa redio Dodoma bila kusikilizishwa hata wimbo mmoja wa Kigogo!

Siku ya kwanza kabisa mwanafunzi angekaa na redio na daftari, asikilize saa nzima, aandike kila wimbo umeanza dakika ya ngapi na kwa nini umefuata ule. Kompyuta aishike siku ya pili. Haigharimu chochote.

Wenye kituo mnajijua na humu mnapita. Binti alikopa ile 80,000 kwa mama yake anayeuza karanga Sabasaba. Mrudishieni, au muiteni mumfundishe upya bure. Na wengine mliopita darasa lile, andikeni hapa chini mlilipa kiasi gani na mlitoka mnajua nini.