Mbuzi wa udongo aliyekata tamaa: hisia zikae wapi, na shingo ishikiliwe na nini?

mwanga_wa_joko
Habari zenu wafinyanzi. Nataka kufinyanga mbuzi aliyesimama, sentimita 50 kutoka kifuani hadi mkiani, kichwa kimeinama karibu kugusa chini. Hisia ninayoitafuta ni kukata tamaa, ile ya mtu aliyechoka kudai haki yake, lakini abaki mbuzi kabisa: sitaki nyusi wala mdomo wa binadamu. Udongo ni mwekundu, laini, wa kando ya mto. Kuna joko la umeme la kukodi linalofika 1,000°C; likikosekana, ni kuni uwanjani. Kama uso hausemi, hisia ziwekwe wapi? Nijenge mwili wenye uwazi ndani tangu mwanzo, au nijaze udongo kisha nikombe? Na shingo inayoning'inia hivyo inazuiwaje isidondoke wala kupasuka?

uti_wa_mgongo
Kabla ya uso kuna uzito. Mtu aliyekata tamaa unamtambua kwa mgongo ukiwa bado mbali naye, na mbuzi ni vivyo hivyo. Mbuzi hana mtulinga, ule mfupa wa kushika bega kifuani; makombe yake ya bega yameshikiliwa na misuli tu. Kichwa kikishuka na uzito ukaegemea mbele, kifua kinazama katikati ya miguu na makombe yanachomoza juu ya mstari wa mgongo. Hapo ndipo mtazamaji anapoona mabega ya mtu aliyelemewa, bila wewe kumwongezea mnyama chochote cha kibinadamu. Wengi hukunja shingo peke yake na kuuacha mgongo umenyooka. Matokeo ni mbuzi anayekula majani.

Tofauti ya hao wawili ni ndogo lakini inaonekana. Anayekula mara nyingi hutanguliza mguu mmoja na pua yake huelekea mbele. Wako pua irudi kuelekea magotini, miguu ya mbele isimame sambamba, nyonga moja ilegee. Kumbuka pia kwamba kile kiungo cha mguu wa nyuma kinachoonekana kama goti lililogeuka ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Ukikosea hapo, mnyama hasimami kwa uzito wake na hisia yote inapotea.

Finyanga kwanza vielelezo vitano au sita vya sentimita 8, kila kimoja dakika kumi, bila macho wala mdomo. Vipange dirishani uone vivuli tu. Kisichosema kitu kikiwa kivuli, uso hautakiokoa.

Kuhusu nyusi nakuunga mkono kabisa. Huko Colima, magharibi mwa Meksiko, kati ya 300 KK na 300 BK hivi, watu walizikwa pamoja na sanamu za mbwa wa udongo, na wapo mbwa waliovalishwa kinyago cha uso wa mtu. Mfinyanzi hakuchanganya sura mbili: mbwa kabaki mbwa chini ya kinyago.

bibi_kigae
Kwa mkao huu jaza udongo kwanza, mwanangu, kisha ukate na kukomba. Mmarekani Beth Cavener, ambaye kwa sura za wanyama huonyesha nafsi za watu, hufanya hivyo hata kwa sanamu kubwa sana. Faida yake ni kwamba unaweza kupinda shingo au kushusha bega hadi dakika ya mwisho. Ukuta wa sentimita moja wenye uwazi nyuma yake ukiusukuma unabonyea tu.

Kwanza rekebisha udongo. Ule wa mtoni ukiwa mtupu unasinyaa sana. Changanya vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa, punje zisizidi milimita 2, sehemu moja kwa kila sehemu nne za udongo. Tengeneza kipande cha majaribio, chora mstari wa sentimita 10, kichome, upime tena. Ukipata 9.2, umepungua asilimia 8, na mbuzi wa sentimita 50 aanze na 54 na ushee.

Kiunzi: bomba la nusu inchi lililofungwa wima kwenye ubao, liingie tumboni, na waya mnene uende shingoni. Vizungushie gazeti na nailoni ili udongo uchomoke bila kung'ang'ania. Miguu isiingizwe chuma, maana udongo unasinyaa na chuma hakisinyai.

Udongo ukiwa nusu mkavu, yaani kidole kinaacha alama hafifu lakini umbo halipindi, chora mistari ya kulinganisha kuvuka kila mahali utakapokata. Kata kwa waya: kichwa, shingo, kiwiliwili vipande viwili kwa urefu, miguu. Komba kwa kitanzi cha waya hadi ukuta wa sentimita 1.2, sawasawa kila mahali. Unene usiolingana ndio mama wa nyufa, kuliko hata unene wenyewe. Kwaruza kingo, paka uji wa udongo huohuo wenye matone ya siki, bana, kisha kandamiza msokoto mwembamba kwenye mshono kwa ndani. Kila chumba kilichofungika kitobolewe. Mbwa wengi wa Colima wana mdomo wa chombo kwenye mkia au kichwa, nao mvuke hupata pa kutokea. Wewe toboa chini ya tumbo, na miguu ifunguke kuelekea tumboni.

Shingo: simamisha nguzo ya udongo uleule chini ya kidevu, gazeti katikati. Nguzo itasinyaa pamoja na mbuzi, ndiyo maana mbao haifai. Mbuzi na nguzo wasimame juu ya bamba la udongo huohuo lililonyunyiziwa mchanga, maana mwili ukisinyaa unavuta miguu ndani; kwato zikigoma kuteleza, ufa unatokea kwenye kinena. Funika wote kwa nailoni siku tatu unyevu ulingane, kisha ukaushe wiki tatu, masikio na miguu vikibaki vimefungwa kwa sababu ndivyo vinavyotangulia kukauka.

kuni_na_majivu
Kwa joko la umeme: kaa kwenye 90°C saa sita au zaidi, hadi kioo kikishikwa kwenye tundu la joko kisipate ukungu. Kisha pandisha 60°C kila saa hadi 200, 100 kila saa hadi 500, na urudi 60 kila saa hadi 650, kwa kuwa kwenye 573°C chembe za mchanga zinatanuka ghafla. Malizia 950. Wakati wa kupoa ipite 573 polepole pia, na usifungue kabla ya kushuka chini ya 100.

Kwa kuni mambo ni mengine. Chungu cha kupikia kinastahimili moto wa uwanjani kwa sababu ni mviringo, chembamba, unene mmoja. Mbuzi ana miguu na mishono. Punguza unene wa ukuta wake hadi sentimita 0.8, ongeza vigae vifike theluthi ya mchanganyiko, mpashe pembeni mwa moto nusu siku ukimgeuza, halafu mwingize ndani ya chungu kikubwa kilichofunikwa kwa vigae ili ndimi za moto zisimguse.

mwanga_wa_joko
Asanteni sana wakuu. Nitakodi joko. Macho je, na rangi ya ngozi?

uti_wa_mgongo
Mboni ya mbuzi ni mlalo. Ichimbe kama mfereji wa milimita 4 kwenda ndani. Kivuli chake ndicho weusi. Kope ya juu itokeze milimita 2 mbele ya jicho na ishuke hadi juu ya mfereji. Masikio yalegee pembeni, si nyuma, maana nyuma ni hasira au woga.

Usipake rangi ya kung'aa. Inaziba alama za vidole, na mng'ao unavuta jicho mahali usipotaka. Chuja udongo mwekundu uwe majimaji, paka akiwa mkavu, kisha futa kwa sponji ili ubaki mashimoni tu. Jaribu kwanza kwenye kipande kama kile cha kupimia, kabla hakijachomwa.