Kikaushio cha jua cha dagaa, Kayenze: nipime nini ili hesabu ya faida isipingwe?

Malimbe_Juu

Wakuu, habari za saa hizi. Naandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili. Msimamizi anataka kazi iwe na miguu miwili: kikaushio kifanye kazi kitaalamu, na biashara yake ilipe. Mpango wangu kwa sasa ni huu.

Hema la nailoni lenye sakafu ya mita 3 kwa 6, hapo mwaloni (ufukwe wa kushushia samaki) Kayenze, Mwanza, lipakiwe kilo 50 za dagaa wabichi kwa mkupuo. Ndani kuna trei 12. Nitalinganisha na dagaa wanaoanikwa mchangani. Joto na unyevu wa hewa nitapima kwa DHT22 nne (vihisi vidogo vya joto na unyevu) zilizounganishwa na Arduino, kompyuta ndogo ya kurekodi. Majaribio ni siku tatu mfululizo mwezi wa Julai. Baada ya hapo nigawe dodoso kwa wachakataji na wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, sampuli kwa fomula ya Yamane (ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhoji), kisha nikokotoe muda wa kurudisha mtaji.

Naomba mnisaidie mambo matatu: kilo 50 zinawezekana? Trei 12 zinatosha kitakwimu? Na upande wa biashara nianzie wapi? Nikosoeni bila huruma, bora nyie kuliko jopo.

Fundi_Hewa

Mkuu, kabla ya kununua hata msumari mmoja, piga hesabu ya nishati. Chukua dagaa wabichi wenye unyevu wa asilimia 75. Kilo 50 zina kilo 12.5 za kitu kikavu, zilizobaki ni maji. Ukitaka wafike asilimia 12, mzigo wa mwisho ni 12.5 ÷ 0.88 = kilo 14.2. Maji ya kuondoa ni kilo 35.8. Kila kilo ya maji inahitaji takribani megajuli (MJ) 2.4 za nishati ili igeuke mvuke, kwa hiyo unahitaji kama MJ 86.

Siku ya jua zuri Mwanza weka kWh 5 kwa mita ya mraba, sawa na MJ 18. Hema lisilo na feni likitumia asilimia 20 ya hiyo kukaushia, limejitahidi. Sakafu ya m² 18 inakupa MJ 65 hivi kwa siku, kwa hiyo kilo 50 zitachukua siku moja na theluthi. Siku ya mawingu jua likishuka hadi kWh 3, unapata MJ 39 tu, na mzigo uleule unakaa siku mbili na zaidi. Dagaa hawasubiri siku mbili wakiwa na maji. Wataanza kunuka usiku wa kwanza. Pakia kilo 25 na utandaze safu moja, usilundike.

Sasa hema lenyewe. Wengi hulifunga kama chupa wakidhani joto ndilo linalokausha. Joto bila hewa kutoka linapika. Saa mbili za mwanzo, dagaa wakiwa bado na maji mengi, joto likipita nyuzi 55 nyama inaiva, inabanduka, mafuta yanavuja na rangi inageuka kahawia. Baadaye wakishikwa kwenye gunia wanasagika. Acha tundu la kuingizia hewa chini, upande upepo wa ziwa unakotokea, na bomba la kutolea hewa juu upande wa pili, lote likiwa na wavu wa kuzuia nzi. Ukiona matone upande wa ndani wa nailoni saa nne asubuhi, njia ya kutolea hewa ni ndogo. Nailoni iwe ile ya kitalu nyumba, mikroni 200, yenye kinga ya jua. Ile ya kawaida ya dukani hupasuka ndani ya miezi michache, na hesabu yako ya uchakavu inapasuka nayo.

Usiku ni tatizo ambalo watafiti wengi hawaliandiki. Alfajiri kando ya ziwa hewa imejaa unyevu, na dagaa aliyekauka jioni anaunyonya tena. Jioni wakusanye, waweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, uwapime uzito jioni na tena asubuhi kabla ya kuwatandaza. Hizo namba mbili zinaeleza mengi kuliko grafu ya joto.

Kuhusu DHT22: inatosha kwa joto, kwa unyevu iangalie kwa jicho kali. Ikidondokewa na matone hung'ang'ania 99.9 hata hewa ikikauka. Itundike chini ya kivuli cha bati dogo jeupe, isipigwe jua moja kwa moja, la sivyo unapima joto la plastiki yake. Kabla ya kuanza, zihakiki zote nne pamoja: chukua chumvi ya mezani, iloweshe iwe kama uji mzito, weka kwenye chombo kinachofungwa kabisa pamoja na vihisi, subiri saa kadhaa. Hewa ya ndani inapaswa kusoma asilimia 75. Inayosoma 81 iandikie marekebisho yake au iache nyumbani. Kurekodi kila dakika 5 kunatosha.

Usiweke mizani ya kielektroniki ndani ya hema, joto linaiyumbisha. Toa trei, pima nje penye kivuli, rudisha haraka. Kila saa moja kwa saa nne za kwanza, kisha kila saa mbili.

Takwimu_Tu

Nakubaliana na Fundi_Hewa, isipokuwa kwenye takwimu hajagusa kabisa, na hapo ndipo jopo litakapokukamata.

Trei 12 ndani ya hema moja, siku moja, si marudio 12. Zote zina jua lilelile, upepo uleule, dagaa wa mtumbwi uleule. Kitakwimu hiyo ni moja. Kinachohesabika ni mzunguko wa ukaushaji, yaani siku. Siku zako tatu za Julai ni n = 3, na zote za kiangazi. Ukitaka kusema lolote kuhusu masika, lazima upime Machi hadi Mei. Panga walau mizunguko 8 kiangazi na 8 masika. Kila siku ya jaribio gawa dagaa wa mtumbwi mmoja kwa njia zote, wachanganye vizuri kwanza, kisha uchambue kwa jozi za siku au ANOVA (jaribio la kulinganisha wastani wa makundi) yenye siku kama kitalu, yaani njia zilinganishwe ndani ya siku ileile.

La pili ni kubwa zaidi. Kulinganisha hema na mchanga ni kumshindanisha bondia na mtoto. Dagaa wakiinuliwa tu kutoka chini wakawekwa kwenye kichanja cha wavu, tayari mchanga umeondoka na hewa inapita juu na chini. Usipoweka kichanja, sifa zote hizo zitaenda kwa hema lako kwa dhuluma. Weka njia tatu: mchanga, kichanja, hema. Mshindani wako wa kweli ni kichanja.

Unyevu upime maabara: gramu 5 za dagaa waliosagwa, oveni nyuzi 105, hadi uzito usibadilike, chombo kipoe kwenye desikata (chombo cha maabara kisichoingiza unyevu) kabla ya kupima. Sampuli ichukuliwe sehemu tano za trei, isagwe pamoja, isafirishwe kwenye kichupa kinachobana. Ukiibeba kwenye mfuko uliofungwa fundo kutoka Kayenze hadi mjini, unapima unyevu wa daladala. Na amua mapema kama unaandika unyevu kwa msingi wa uzito mbichi au mkavu. Asilimia 75 ya mbichi ni asilimia 300 ya mkavu. Modeli za Lewis na Page, fomula za kueleza kasi ya kukauka, zinatumia msingi mkavu, na kila mwaka kuna anayechanganya mbili hizo kwenye jedwali moja.

Kipimo kingine ambacho ni rahisi na kinasahaulika: mchanga wenyewe. Choma sampuli kwenye tanuru nyuzi 550, majivu yachemshe na asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, chuja, choma tena, pima kilichobaki. Mabaki hayo yasiyoyeyuka kwa kiasi kikubwa ni mchanga. Hapo neno "safi zaidi" linakuwa na namba.

Malimbe_Juu

Asanteni sana, nimeshaanza kufuta nusu ya sura ya tatu. Mkuu Takwimu_Tu, vipi nikiwachovya kwanza kwenye maji ya chumvi ili nzi wapungue? Na kwa biashara, nikichukua bei ya dagaa safi kule Mwaloni nikazidisha kwa kilo, si inatosha?

Takwimu_Tu

Chumvi inabaki mwilini mwa samaki na kuhesabiwa kama kitu kikavu, kwa hiyo uwiano wako wa uzito wote unahama. Ukitaka chumvi, ifanye jaribio la pekee. Usiipachike kwenye hili.

Hesabu_za_Mwalo

Haitoshi, mdogo wangu. Kwenye kuzidisha bei kwa kilo ndipo tasnifu nyingi za vikaushio zinapotangaza faida ambayo mchakataji haioni mfukoni.

Angalia. Kilo 25 za wabichi, ukikausha hadi asilimia 12 unapata kilo 7.1. Jirani yako akiishia asilimia 20 anapata kilo 7.8. Amekuzidi kwa asilimia 10 na hakujenga chochote, tena bado sijaongeza mchanga ulioshikamana nao. Ukiuza kwa bei moja na yeye, ubora wako umekula uzito wako. Kwa hiyo swali la kwanza la sura ya biashara si gharama ya hema. Ni hili: mnunuzi anaongeza shilingi ngapi kwa dagaa mkavu kweli? Chini ya asilimia 10 umepata hasara.

Nikuwekee namba za mfano tu, bei halisi utakusanya mwenyewe. Dagaa wa kula 6,000 kwa kilo, wa chakula cha kuku 2,500. Siku ya jua, mwenye kichanja anauza kilo 7.81 kwa 46,900. Wewe wa hema unauza 7.10 kwa 42,600. Umepoteza 4,300. Siku ya mvua, tuseme asilimia 40 ya mzigo wa kichanja inaharibika na kwenda kwa kuku: anapata 35,900, wewe 42,600. Umepata 6,700 zaidi. Hema lote limegharimu, tuseme, 2,400,000. Linahitaji mizunguko 360 ya mvua kulipa, kabla hata hujabadilisha nailoni.

Sisemi hema halifai. Nasema thamani yake iko kwenye dagaa ambao wangeishia kwa kuku, na hiyo ndiyo namba ya kuitafuta: siku za mvua, sehemu gani ya mzigo hushuka daraja? Ipime, usiiulize tu. Kisha fanya hesabu kwa hali tatu: bei ileile, bei iliyopanda, na hema linaloshirikiwa na wachakataji kadhaa. Muda wa kurudisha mtaji peke yake ni dhaifu. Weka thamani halisi ya sasa (faida ya miaka ijayo ikigeuzwa kuwa pesa ya leo), na kiwango cha punguzo cha kuigeuzia kiwe riba ambayo mchakataji angelipa kwa mkopo anaoweza kuupata, si kile cha kwenye kitabu. Weka pia siku zisizo na kazi: kuzunguka mwezi mpevu uvuvi wa taa husimama au hupungua sana, kwa hiyo usizidishe kwa siku 365.

Kwenye dodoso, usiulize "unauza kilo ngapi". Watu wanauza kwa ndoo, debe na gunia, na gunia la lumbesa si gunia. Beba mizani, pima vyombo vyao wakiwa wamejaza kama wanavyojaza siku zote, halafu ndipo ugeuze kuwa kilo. Bei ichukue mwaloni na Kirumba siku ileile, wakati wa giza (usiku usio na mwezi, uvuvi ukiwa umepamba) na wakati wa mbalamwezi. Ukizichukua wiki moja tu, umepima mwezi.

Yamane iache. Ile ni ya kukadiria uwiano katika kundi lenye orodha kamili, na hapo mwaloni huna orodha, na unachokadiria ni shilingi. Wachakataji 30 uliowatembelea katika vipindi viwili vya giza na ukawapimia vyombo watakufaa kuliko dodoso 200 zilizojazwa kwa kukumbuka.

Mwalo_Igombe

Naongeza kuhusu vibali, maana watu huanza kuchimba nguzo kisha wanafukuzwa. Barua ya chuo ianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani na halmashauri, kisha kata. Ikifika mwaloni, onana na uongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) kabla ya kukutana na mchakataji yeyote, na ueleze wazi hema litakaa wapi. Eneo la kuanika lina wenyewe hata kama linaonekana tupu saa saba mchana, na wengi wao ni akina mama wanaolipia. Andika pia nani atabaki na hema ukimaliza.

Halafu nguzo zizike si chini ya sentimita 60 na uzifunge kwa kamba pande zote nne. Upepo wa kabla ya mvua hapa hauingii kwa mlango, unanyanyua hema lote. Upande mrefu usiuelekeze ziwani.

Malimbe_Juu

Nimeelewa. Njia tatu, kilo 25 katika kila njia, mizunguko 8 na 8, wachakataji 30. Swali la mwisho: maabara wananitoza kwa sampuli. Nipunguze wapi?

Takwimu_Tu

Usipunguze mizunguko. Pima unyevu wa maabara mwanzoni na mwishoni tu. Wa katikati unaukokotoa kutoka uzito wa trei, kwa sababu kitu kikavu hakibadiliki. Hiyo ni sampuli moja ya mwanzo kwa siku na tatu za mwisho, moja kila njia: nne kwa siku, 64 kwa kazi nzima. Kila moja ipimwe mara mbili. Mchanga pima za mwisho peke yake.