Libvirt: Python, Go au Java? Bosi anataka jibu Ijumaa

Mtaa_wa_Seva: Wakuu, habari za saa hizi. Ofisini tunatengeneza paneli ya kuwasha na kuzima VM (kompyuta pepe) za wateja: chini ni KVM ya Linux inayoziendesha, juu yake libvirt, maktaba ya kuziamuru. Tumekwama kwenye lugha ya kuandikia paneli. Wazoefu nipeni mwanga.

Chuma_Kkoo: Mkuu, mbona hujasema kitu? Seva ngapi? Paneli inakaa humo humo au inaingia kwa mbali? Vijana wako wanaandika lugha gani?

DadaLinux: Python, kesi imeisha. Virt-manager, programu ya kusimamia VM kupitia libvirt, yenyewe ni Python. Ila ukisakinisha kwa pip bila vifurushi vya libvirt-dev na pkg-config, itakutapikia makosa skrini nzima. Kwenye Ubuntu piga tu `apt install python3-libvirt`.

Goroutini: Go. Faili moja, unalipeleka popote linakimbia.

DadaLinux: Faili moja wapi? Baindingi rasmi ya Go (kiunganishi chake na libvirt) inapita kwenye cgo, njia ya Go kuita kodi ya C, libvirt ya C lazima iwepo kwenye mashine. Labda useme go-libvirt ya DigitalOcean, ile inaongea RPC, yaani inatuma maombi kwa huduma ya libvirt moja kwa moja bila C.

Chuma_Kkoo: Mimi Go nimekoma. Kampuni niliyokuwepo zamani, Mikocheni, walimpa mkandarasi kazi kama hii. Mteja akifungua ukurasa, programu inafungua muunganisho mpya na libvirtd (huduma ya libvirt kwenye seva), haifungi. Go inajisafishia kumbukumbu yake, lakini vya upande wa C haivigusi: domain (ndiyo VM kwa lugha ya libvirt) lazima uiitie Free(), muunganisho Close(). Jamaa hakuita popote. Mwisho wa mwezi wateja wakajaa kwenye paneli, libvirtd ikagonga max_clients, kikomo cha idadi ya miunganisho. Hata `virsh list`, amri ya kuorodhesha VM, inaning'inia tu. VM zinaendelea kama kawaida, qemu inayoziendesha haina habari, ila hakuna wa kuzigusa, na simu zinaita. Tukarestart libvirtd, tukapumua. Wiki iliyofuata yale yale, na jamaa ameshalipwa, hapokei simu.

Goroutini: Sasa hapo Go imekosa nini? Si mkandarasi wenu huyo?

Chuma_Kkoo: Nimesema nimekoma, sijasema mbaya.

Kijana_Sinza: Si muweke Proxmox tu, mfumo wa VM wenye paneli yake, mlale?

DadaLinux: Proxmox haitumii libvirt kabisa. Soma mada, mdogo wangu.

Mtaa_wa_Seva: Samahani wakuu, nilibanwa. Seva mbili, paneli inakaa ya tatu. Mwandishi ni mmoja, anajua PHP tu.

Chuma_Kkoo: Ungeanza na hilo! Libvirt-php, baindingi ya PHP, ipo.

Goroutini: PHP? Jamani.

DadaLinux: Kijana ajifunze Python, aunganishe paneli na seva kwa anwani ya `qemu+ssh://` na funguo za SSH. Na kitufe cha kuzima kiite shutdown, sio destroy. Destroy haifuti VM, ila ni sawa na kuchomoa waya wa umeme, na hifadhidata ya mteja haitakuelewa.

Mtaa_wa_Seva: Nimekusoma dada. Java je, bosi ameitaja?

Kijana_Sinza: Hizo seva zina RAM kiasi gani kwanza?

Mtaa_wa_Seva: GB 64 kila moja, aina ya DDR4 ECC. Nani anajua duka la RAM la uhakika Kariakoo?

Kijana_Sinza: Njoo inbox.